Mabano ya Biblia Waumini Waelezwe

Mtu akiifungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union Version iliyotoka mwaka 1952 na ambayo ndiyo wengi wetu tumekua nayo, ataona katika chapa nyingi jambo la ajabu kidogo mwishoni mwa Injili ya Marko. Tangu aya ya 9 hadi ya 20 ya sura ya 16, maneno yametiwa ndani ya mabano. Akigeuza kurasa hadi Yohana, habari ya yule mwanamke aliyefumaniwa akaletwa mbele ya Yesu ili apigwe mawe nayo imo mabanoni. Akienda mbele zaidi mpaka Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, atayakuta tena, safari hii yakiwa yamezunguka maneno machache tu yanayohusu mashahidi watatu wa mbinguni. Mabano hayo hayana maelezo. Yapo tu, kama vigingi vilivyopigwa shambani na mpimaji wa ardhi ambaye hakumwambia mwenye shamba alikuja kufanya nini.

Kwa muda mrefu nimekuwa na desturi ya kuwauliza wahubiri maana ya mabano hayo. Mmoja alinijibu kwamba ni makosa ya kiwanda cha chapa. Mwingine, mzee wa heshima zake, alisema yamewekwa ili msomaji ayatilie mkazo maneno yaliyo ndani. Wa tatu alinitazama, akacheka, akasema, "Ndugu yangu, hayo tulifundishwa chuoni, lakini si mambo ya kuwaambia watu kanisani." Huyo wa tatu ndiye aliyenifanya niandike makala haya, kwa maana yeye anajua na amenyamaza, na mimi nashikilia kwamba kunyamaza huko kunawadhuru watu wale wale anaodhani anawalinda.

Jambo lenyewe ni hili. Hakuna hata ukurasa mmoja uliosalia leo ulioandikwa kwa mkono wa Marko, wala wa Paulo, wala wa nabii Isaya. Tulicho nacho ni nakala za nakala. Tangu siku za mitume hadi Johannes Gutenberg alipoanza kupiga chapa Biblia kule Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, herufi baada ya herufi, na watu waliochoka, waliosinzia, na wengine waliokuwa na haraka ya kwenda kula. Miswada ya Agano Jipya kwa Kigiriki iliyoorodheshwa leo ni zaidi ya 5,000. Mingine ni vitabu kamili. Mingi ni vipande tu. Orodha yake hutunzwa na chuo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1959 mjini Münster, Ujerumani, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiilinganisha miswada hiyo mmoja na mwingine, neno kwa neno.

Kazi hiyo si nyepesi hata kidogo. Miswada ya kwanza ya Kigiriki iliandikwa juu ya karatasi za mafunjo ya Mto Nili, na baadaye juu ya ngozi za wanyama zilizokwanguliwa zikalainishwa. Herufi zote zilikuwa kubwa, na maneno hayakutenganishwa hata kwa nafasi ya unywele. Mpenzi msomaji, hebu fikiri umeandikiwa hivi kwa Kiswahili: ALIKUJALEO. Je, ni mtu fulani aliyekuja leo, au ni Ali anayeambiwa, kwa Kiswahili cha bara, aje leo? Msomaji wa kale alikutana na mafumbo kama hayo katika kila mstari. Isitoshe, majina matakatifu kama Mungu, Bwana na Yesu hayakuandikwa kamili, bali kwa herufi mbili au tatu zenye mstari juu yake. Tutaona punde jinsi mstari huo mdogo ulivyozua mjadala mkubwa.

Sisi watu wa Afrika Mashariki hatukupasa kuyaona mambo haya kuwa ya kigeni sana. Tenzi zetu za kale nazo ziliandikwa kwa mkono, kwa herufi za Kiarabu, na zikapita kutoka Pate hadi Lamu, kutoka Lamu hadi Mombasa, kila mnakili akiacha alama yake. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir hauna nakala moja tu; zipo kadha, wala idadi ya beti zake hailingani. Mtu aliyewahi kuketi na mswada wa Kiswahili wa herufi za Kiarabu anajua pia taabu ya kutenganisha b na p na mb, maana aghalabu herufi ilikuwa moja, na msomaji alitegemea ujuzi wake wa utenzi. Tena W. E. Taylor, mmisionari aliyekusanya mashairi ya Muyaka bin Haji pale Mombasa, ndiye yule yule aliyeshughulika na kufasiri Injili kwa Kiswahili cha Kimvita. Kwake yeye kazi ya kulinganisha nakala ilikuwa moja, ziwe ni za mshairi au za mtume.

Nirudi kwenye makosa ya wanakili. Yako yatokanayo na jicho. Mistari miwili ikimalizika kwa neno moja, jicho la mnakili huruka kutoka wa kwanza hadi wa pili, na yote yaliyo katikati hupotea. Yako yatokanayo na maandishi ya pembeni: mtu mmoja aliandika maelezo yake ukingoni mwa ukurasa, na mnakili aliyefuata akadhani ni maneno yaliyosahauliwa, akayaingiza ndani. Lakini makosa yanayonivutia zaidi ni yale yatokanayo na nia njema. Mwanzoni mwa Injili yake, Marko anasema kuwa maneno anayoyataja yameandikwa katika nabii Isaya. Kwa kweli sehemu ya kwanza ya maneno hayo yafanana na ya Malaki. Basi wanakili wengine wakaona aibu, wakabadilisha wakaandika "manabii," ili Marko asionekane amekosea. Hapo ndipo wataalamu walipojifunza kanuni yao moja mashuhuri: maneno yakitofautiana, yale yaliyo magumu zaidi aghalabu ndiyo ya asili, kwa kuwa mnakili hulainisha, ni nadra yeye kukwaruza.

Na ule mstari mdogo niliousema? Katika Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya 3 aya ya 16, miswada mingine husema "Mungu" alidhihirishwa katika mwili, na mingine husema "ambaye" alidhihirishwa. Kwa Kigiriki cha herufi kubwa, neno "ambaye" ni duara na herufi ya S. Ukitia kijistari ndani ya duara hilo, na mstari juu ya herufi zote mbili, tayari umeandika ufupisho wa "Mungu." Vijistari viwili tu! Union Version yetu ilifuata "Mungu," na Habari Njema haikufuata. Mkristo anayezilinganisha Biblia hizo mbili mezani pake ataiona tofauti hiyo, na asipoelezwa atadhani mfasiri mmoja ameiba neno.

Sasa nije kwenye yale mabano ya Waraka wa Kwanza wa Yohana, maana kisa chake ni kirefu na kina mafunzo. Mwaka 1516 mtaalamu wa Kiholanzi Erasmus alitoa, katika mji wa Basel, Agano Jipya la Kigiriki la kwanza kuuzwa likiwa limepigwa chapa. Alikuwa na miswada michache tu, tena si ya kale sana. Kwa kitabu cha Ufunuo alikuwa na mswada mmoja pekee, nao ulikosa ukurasa wa mwisho. Basi akachukua Biblia ya Kilatini, akazifasiri aya zile za mwisho kuzirudisha katika Kigiriki! Maneno ya mashahidi watatu wa mbinguni hakuyaona katika mswada wowote wa Kigiriki aliokuwa nao, kwa hiyo hakuyatia. Akapigiwa kelele. Toleo la pili la 1519 nalo halikuwa nayo. Kisha ukatokea mswada mmoja wa Kigiriki uliokuwa nayo, ambao umo Dublin hadi leo na ambao uliandikwa karibu na siku zake Erasmus mwenyewe, na katika toleo la 1522 akayatia. Kutoka kwa Erasmus maandishi hayo yalipita kwa wachapaji wengine hadi yakaifikia Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ya mwaka 1611. Hivyo basi, kelele za wakosoaji wa karne ya 16 zimefika mpaka kwenye meza ya mkulima wa Murang'a na mvuvi wa Vanga, na mabano yale ndiyo jeraha lake.

Sharti niseme haki kuhusu mwisho wa Marko, kwa kuwa wako wanaokimbilia kusema kuwa aya zile ni za uongo. Ni kweli kwamba miswada miwili mikubwa ya karne ya 4, ule wa Vatikani na ule wa Sinai, inaishia aya ya 8, pale wanawake wanapokimbia kutoka kaburini kwa hofu. Lakini Irenayo, askofu wa Lyon, alizitaja aya hizo za mwisho mnamo mwaka 180, yaani kabla miswada hiyo miwili haijaandikwa. Kwa hiyo ni maneno ya kale mno, ingawa huenda si ya Marko. Ile habari ya mwanamke aliyefumaniwa nayo haimo katika miswada hiyo miwili, na katika miswada mingine imeandikwa ndani ya Luka badala ya Yohana, kama mgeni anayetafutiwa chumba. Mabano ni njia ya uaminifu ya kusema: maneno haya tumeyapokea, hatuthubutu kuyatupa, lakini ujue historia yake.

Mswada huo wa Sinai wafaa kuzungumzwa kwa kituo. Mwezi wa Mei mwaka 1844, Mjerumani mmoja jina lake Constantin von Tischendorf alifika katika monasteri ya Mtakatifu Katherina, chini ya Mlima Sinai. Alidai kuwa huko aliona kurasa za Biblia ya Kigiriki ndani ya kapu, zikingoja kutiwa motoni. Watawa wa monasteri hiyo wameikanusha habari hiyo tangu zamani, nami naielewa hasira yao, kwani ni vizuri sana kwa mtu anayechukua mali kusema kwamba mwenye mali alikuwa anaitupa. Mara hiyo alichukua kurasa 43 akazipeleka Leipzig. Aliporudi mwaka 1859 alionyeshwa sehemu kubwa iliyobaki. Akaiazima kwa hati ya kuahidi kuirudisha, akaipeleka kwa mfalme wa Urusi mjini Saint Petersburg, na haikurudi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ikauuza mswada huo kwa British Museum kwa pauni 100,000. Leo kurasa 347 zimo katika British Library, London.

Watu wa Mto Tana watakaoisoma habari hiyo wataikumbuka Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyochukuliwa na wakoloni mwanzoni mwa karne ya 20, nayo imo mikononi mwa British Museum hiyo hiyo. Watawa wa Sinai na wazee wa Wapokomo wangeketi pamoja wangekuwa na mengi ya kuzungumza.

Lakini mwaka huo wa 1844 una jambo jingine linalotuhusu. Mwezi wa Juni, wiki chache tu baada ya Tischendorf kuingia monasterini, Johann Ludwig Krapf aliketi Mombasa akaanza kuifasiri Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi mmoja wa mji ule. Mwezi uliofuata alimzika mkewe na mtoto wao mchanga. Sura zake za kwanza za Mwanzo zilipigwa chapa Marekani mwaka 1847. Krapf naye alikuwa mtu wa miswada: alipokuwa Ethiopia, kabla ya kuja kwetu, alikusanya vitabu vya Kigeezi vilivyoandikwa kwa mkono akavipeleka Tübingen alikosomea. Kwa maneno mengine, Biblia ya Kiswahili ilianza kuzaliwa mwaka ule ule ambao mswada mkubwa wa Sinai ulianza kujulikana, na mfasiri wake alikuwa mtu ambaye hangeshangazwa na mabano. Sisi wajukuu ndio tunaoshangaa.

Upande wa Kiebrania mambo yalikuwa tofauti. Herufi za Kiebrania ni 22, zote konsonanti, na kwa karne nyingi zilisomwa bila irabu, kama vile msomi wa Kiarabu asomavyo gazeti. Kati ya karne ya 7 na ya 10, wataalamu wa Kiyahudi wa mji wa Tiberia, kando ya ziwa la Galilaya, walibuni nukta na vijistari vya kuonyesha irabu. Walizihesabu aya, wakayahesabu maneno, na pembeni mwa ukurasa wakaandika tahadhari: neno hili latokea mara mbili tu, usilibadilishe. Hata hivyo herufi ya D na ile ya R za Kiebrania zafanana kama mapacha, na ndiyo sababu ukoo mmoja wa wana wa Yavani jina lake laanza kwa D katika Mwanzo sura ya 10, na kwa R katika Mambo ya Nyakati wa Kwanza. Wataalamu wa Tiberia waliiona tofauti hiyo. Hawakuigusa. Walipokea D wakaandika D, walipokea R wakaandika R. Huo ni uaminifu ambao mimi nauvulia kofia.

Biblia kamili ya Kiebrania iliyo ya kale kuliko zote ni ya mwaka 1008, nayo imo Saint Petersburg. Mswada wa Aleppo, wa mnamo mwaka 930, ni wa kale zaidi, lakini sehemu yake kubwa ilipotea baada ya ghasia za mwaka 1947. Na mwaka huo huo wa 1947 ndipo ulimwengu ulipoanza kupata habari za magombo ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, yaliyookotwa na wachungaji wa Kibedui ndani ya pango. Gombo la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya meta saba, liliandikwa zaidi ya miaka mia moja kabla ya Kristo. Ghafla wataalamu waliruka nyuma kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa siku moja. Swali likawa moja tu: je, Isaya wa mwaka 1008 ni yule yule?

Kwa sehemu kubwa, naam, ni yule yule, na tofauti nyingi ni za tahajia. Lakini si zote. Katika sura ya 53, pale tuliposoma kwamba mtumishi wa Mungu ataona baada ya taabu yake, magombo ya Qumran yanasema ataona nini: ataona nuru. Neno "nuru" limo pia katika tafsiri ya kale ya Kigiriki. Na katika pango la nne pakapatikana vipande vya kitabu cha Samweli ambamo Goliathi si wa dhiraa sita na shubiri moja, yaani karibu meta tatu, bali ni wa dhiraa nne na shubiri moja, kadiri ya meta mbili. Hiyo nayo ndiyo idadi iliyomo katika mswada wa Kigiriki wa Vatikani. Mtu wa meta mbili ni mtu mrefu wa kuogopwa vitani, wala si kioja cha maonyesho. Kwangu mimi Daudi hapungui hata kidogo. Wanafunzi wa shule ya Jumapili ndio pengine watakaolalamika.

Magombo hayo yana aibu yake. Vipande vingi vilikabidhiwa kikundi kidogo cha wataalamu katika miaka ya 1950, nao wakavikalia. Miaka ikapita, wengine wakafa, na wasomi wa nje wakinyimwa hata picha, mpaka mwezi wa Septemba 1991 maktaba ya Huntington kule California ilipofungua hazina yake ya picha kwa kila mtafiti. Muda wote ule wa kufungiwa, uvumi ulizaa uvumi: kwamba kuna siri ya kuuangusha Ukristo, kwamba kuna watu wanalipwa wanyamaze. Vipande vilipotolewa, siri hiyo haikuonekana. Kilichokuwapo ni sheria, zaburi, sala na kalenda.

Nimeyaona hayo hayo kwetu kwa kipimo kidogo. Kijana mmoja mtaani petu, mwanakwaya, alikutana katika simu yake na mhadhiri wa mbali aliyemwonyesha picha ya mswada wa Sinai na kumwambia: unaona, mwisho wa Marko haumo, Biblia yenu imeghushiwa. Akaenda kwa mzee wa kanisa lake, akaambiwa hayo ni majaribu ya shetani na asiyatazame tena. Sasa kijana alikuwa na picha kwa mkono mmoja na karipio kwa mkono mwingine, na picha ilikuwa ya kweli. Je, alaumiwe kwa kumwamini yule mwenye picha? Kama angeonyeshwa mabano alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika darasa la kipaimara, mhadhiri yule angemwambia jambo analolijua tayari, naye angemwuliza maswali kuhusu Irenayo.

Wako watakaonijibu kwamba mama mzee wa kijijini atachanganyikiwa. Sikubaliani nao. Mama huyo amesikia habari za ukoo wake zikisimuliwa na wajomba watano kwa namna tano, na anajua ni mjomba yupi wa kuaminiwa kwa jambo gani. Ana akili ya kupima ushahidi kuliko wengi waliofunga tai. Wanaochanganyikiwa ni wale walioahidiwa kwamba hakuna hata nukta iliyowahi kutikisika, kisha wakaiona nukta.

Wala sisemi haya kwa kanisa peke yake. Kila mara ninaposikia mtu akipaza sauti mkutanoni kwamba Biblia "imebadilishwa," bila kusema ni aya gani, katika mswada gani, wa karne gani, natambua kwamba naye hajasoma. Kutaja mswada ni kazi. Kupaza sauti si kazi.

Basi nini kifanyike? Kwanza, mashirika yanayochapisha Biblia za Kiswahili yatie tanbihi fupi, za mistari miwili mitatu, kila palipo na mabano. Pili, vyuo vyetu vya thiolojia visikifanye Kigiriki na Kiebrania kuwa dawa chungu ya kumezwa mwaka wa kwanza na kusahauliwa wa pili. Wahitimu niliozungumza nao wengi walibakiwa na alfabeti tu. Mfasiri anayeipeleka Zaburi katika lugha ya mama akiwa hajui Kiebrania huwa anafasiri Kiingereza, na makosa yote ya njiani huyabeba pamoja na mizigo. Tatu, wapatikane vijana wachache, hata kumi, wa kusomea miswada yenyewe: wino, ngozi, mwandiko, umri. Wakijua hayo watatufaa pia kwa nakala za tenzi zinazoliwa na mchwa ndani ya masanduku ya pwani. Wala nisieleweke kuwa nataka tununue miswada. Soko hilo limejaa walaghai. Mwezi wa Machi 2020 Museum of the Bible ya Washington ilitangaza kwamba vipande vyake 16 vilivyodaiwa kuwa vya Bahari ya Chumvi vyote ni vya kughushi, na hao ni watu wenye fedha na wataalamu.

Kuona si lazima kununua. Tangu mwaka 2009 kurasa zote zinazojulikana za mswada wa Sinai, za London, Leipzig, Saint Petersburg na zile zilizogunduliwa monasterini kwenyewe mwaka 1975, zimewekwa pamoja katika intaneti, na kuzitazama hakulipiwi. Gombo la Isaya nalo limo tangu 2011. Anayetaka kuanza na aanze na ukurasa ambao Marko anaishia na Luka anaanzia. Ukurasa una safu nne za maandishi. Katika safu ya pili ataona mistari michache ya mwisho ya Marko, kisha pambo dogo la wino lililochorwa na mnakili, kisha jina la Injili. Chini ya hapo safu yote iliyosalia ni ngozi tupu, na Luka anaanza juu ya safu ya tatu.